Mguu Usiopumzika

Nyumba tuliyopanga Magomeni ina vyumba sita, vitatu upande huu na vitatu upande ule, na ukumbi mrefu katikati unaotokea uani. Ukikulia katika nyumba ya namna hiyo huhitaji kufungua mlango ili ujue nani anapita. Baba wa chumba cha kwanza anaburuza viatu kama anayepiga deki. Vijana wa chumba cha tatu hupita mbio, utadhani wanadaiwa. Na mama yangu alikuwa na mwendo wake: ndala mbili za haraka, pa-pa, pa-pa, saa kumi na moja alfajiri, akienda uani kuwasha jiko. Wengine wanaamshwa na saa, wengine na jogoo. Mimi nimeamshwa na ndala za mama tangu nikiwa darasa la kwanza.

Miaka minne iliyopita mlio ule ulianza kuharibika. Sikuugundua kwa siku moja, maana mambo ya namna hii hayaji na barua. Nilisikia tu kwamba kati ya pa ya kwanza na ya pili pameingia kimya, na baada ya kimya ukaja mkwaruzo. Pa... tsss. Pa... tsss. Mguu wa kushoto ulikuwa unatua. Wa kulia ulikuwa unaletwa.

Kabla ya hapo nilishaandika hadithi fupi yenye mama mmoja anayeumwa mguu. Niliandika "alichechemea mpaka mlangoni", nikaweka nukta, nikaenda zangu. Sisi tunaojifunza kuandika tuna tabia hiyo: tukipata neno tunadhani tumepata jambo. Basi leo nataka kukiri, ndugu msomaji, kwamba sikujua neno lile lina nini ndani yake, na kutojua kwangu kulimgharimu mama.

Mama anauza vitumbua. Kwa zaidi ya miaka ishirini amekaa juu ya kigoda kifupi, magoti yamekunjwa mpaka mwisho wake, mbele yake jiko la mkaa na chuma cha vitumbua. Akimaliza kupika, anajitwisha ndoo na kuingia mitaani. Goti la kulia lilipoanza kuuma, kila jirani alikuwa na jina lake. Mmoja alisema ni baridi yabisi, imemwingia kwa kushika maji alfajiri. Mwingine akasema ni uzee, hauna dawa. Wa tatu akaleta chupa ya mafuta ya karafuu. Mama akapaka, akafunga kitambaa, akaendelea na kazi. Goti likivimba anakaa siku mbili. Likinywea anarudi kwenye kigoda.

Hospitali walimpiga eksirei. Daktari aliinyanyua picha kwenye mwanga akatuonyesha. Ndani ya goti, ncha za mifupa zimevikwa gegedu, kitu laini kinachoteleza, ili mfupa usikutane na mfupa. Gegedu lenyewe halionekani kwenye eksirei. Linaonekana kama nafasi kati ya mifupa. Kwa mama, upande wa ndani wa goti la kulia, nafasi ile ilikuwa imebaki kama uzi. Tukaambiwa kwamba ugonjwa huu wa kuchakaa kwa viungo hauishii kwenye gegedu: mfupa, utando wa ndani wa kiungo, kano na misuli, vyote vinaguswa. Wala mama hayuko peke yake. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019 watu wapatao milioni 528 duniani walikuwa na ugonjwa huu, na goti ndilo lililoongoza, watu milioni 365. Katika kila wagonjwa 10, kama 6 ni wanawake.

Watu milioni 365. Mimi nilikuwa na mmoja tu wa kumtunza, nikakosea.

Kosa langu la kwanza lilikuja limevaa nguo ya upendo. Nilimwambia, "Mama, sasa basi. Umefanya kazi vya kutosha, kaa." Nikamnunulia kiti cha plastiki chenye mikono, nikakiweka barazani. Jiko nikalichukua mimi. Sokoni naenda mimi. Maji nachota mimi. Mama akitaka kunyanyuka, napiga kelele kutoka uani: "Mama! Si nimesema utulie?" Majirani wakanisifu. Binti mwenye adabu, walisema, anamlea mama yake. Nami nikavimba kichwa.

Kosa la pili ni fimbo. Goti bovu ni la kulia, kwa hiyo nikampa fimbo mkono wa kulia. Si ndivyo akili inavyosema? Nguzo unaiweka pale ukuta unapoanguka.

La tatu naandika kwa aibu. Siku moja tulikuwa tunavuka Barabara ya Morogoro kwenda kituo cha mwendokasi cha Magomeni Mapipa. Wakati huo nilishazoea kumtangulia hatua kumi, maana mwendo wake ulikuwa unanikera na sikutaka aone uso wangu. Nikafika ng'ambo. Kugeuka, mama yuko katikati ya barabara, amesimama, fimbo mkono wa kulia, kiwiliwili chote kimelalia upande wa kulia, bodaboda zinampigia honi. Badala ya kurudi kumshika, nikapaza sauti mbele za watu: "Mama, harakisha basi!" Akanitazama. Hakujibu. Alivuka kwa wakati wake, akafika, akapita mbele yangu bila neno, na ndani ya basi akaangalia dirishani mpaka Kivukoni.

Baada ya miezi kama kumi ya kiti cha plastiki, mama hakuweza tena kunyanyuka bila kushika meza na kuhesabu moja, mbili. Paja la kulia, hata ndani ya kanga, lilionekana limenywea kuliko la kushoto. Goti halikuwa na nafuu yoyote. Usiku mmoja aliniambia polepole, bila hasira: "Umenikalisha, mwanangu. Sasa kukaa kumenizoea."

Maneno hayo ndiyo yaliyonipeleka hospitali kwa mara ya pili, safari hii chumba cha mazoezi ya viungo. Nilikuwa nakidharau. Nilidhani ni mahali pa wachezaji mpira na watu waliopata ajali. Tulimkuta dada mmoja wa umri wangu, amevaa raba, akamwamkia mama shikamoo na kumvutia kiti. Hakuanza na goti. Alisema, "Mama, naomba nikuone unatembea." Mama akatembea, akaenda na kurudi. Dada yule akatazama kwa utulivu mkubwa, kama fundi saa anavyosikiliza saa.

Halafu akanigeukia mimi. "Weka kiganja chako hapa," akasema, akinionyesha mbele ya paja langu mwenyewe, juu kidogo ya goti. "Sasa tembea taratibu."

Jaribu na wewe, msomaji, ukimaliza ukurasa huu. Kisigino kikigusa chini, msuli wa mbele ya paja unakaza ghafla, unakuwa mgumu kama gunzi. Kazi yake hapo ni kudaka uzito wa mwili ili goti lisikunjike ukaanguka. Lakini ukishasimama sawasawa juu ya mguu huo, msuli unalegea. Umemaliza zamu yake. Kigimbi kinapokea, kinakusukuma mbele, mguu unanyanyuka, unaning'inia hewani. Kabla hujatua tena, misuli ya nyuma ya paja inaamka, inaushika breki muundi usirushwe ovyo. Katika mwendo wa kawaida mguu mmoja uko chini kama asilimia 60 ya muda wa mzunguko wa hatua, na asilimia 40 uko hewani. Ndani ya muda huo mfupi, ambao ni kama sekunde moja, misuli inapokezana kazi na kupumzishana. Nimetembea maisha yangu yote na sikuwahi kujua kwamba katika kila hatua kuna kupumzika.

"Sasa mshike mama," akasema.

Nikaweka kiganja juu ya kanga ya mama, kwenye paja la kulia, nikatembea naye ubavuni kama tunaocheza kwaito. Kisigino kikagusa, msuli ukakaza. Nikasubiri ulegee. Haukulegea. Mwili ulipita juu ya mguu, msuli bado umekaza. Dada akanihamishia mkono nyuma ya paja: na huko kumekaza. Mbele na nyuma kwa pamoja, mpaka mguu uliponyanyuka. Ulikuwa mguu wa mtu anayepita gizani kwenye mbao za daraja bovu.

Alitueleza kwamba kiganja ni kipimo cha maskini. Zipo mashine. Wataalamu hubandika vibandiko vidogo juu ya ngozi, vinasoma umeme unaozalishwa na msuli kila unapofanya kazi, na mchoro unaonyesha msuli upi umeamka saa ngapi na umelala saa ngapi. Kipimo hicho huitwa elektromiografia. Nilipokwenda kusoma mwenyewe nikakuta kwamba watafiti wa nchi mbalimbali wameshawatembeza wagonjwa wengi wa goti wakiwa na vibandiko hivyo, na jambo moja linajirudia sana: misuli ya paja, ya mbele na ya nyuma, hukaa kazini muda mrefu kuliko ya watu wazima wa afya, na hukaza kwa pamoja pale ilipotakiwa kupokezana. Hatua zinakuwa fupi. Mwendo unapungua. Goti linakunjwa kidogo kuliko kawaida, ndiyo maana ndala ya mama ilikuwa inakwaruza sakafu. Si kila mgonjwa analingana na mwenzake, lakini sura ya jumla ni hiyo.

Kwa nini? Goti linalouma na kuyumba haliaminiki. Basi mwili unafanya kama sisi tunavyofanya kwenye jambo tusiloliamini: unalishika kwa mikono miwili. Unalikaza mbele na nyuma lisiende kokote. Kwa muda mfupi inasaidia, goti linatulia. Shida ni gharama yake. Umewahi kuona wapiga debe wawili wakimgombania abiria mmoja, huyu anavuta mkono wa kulia na yule wa kushoto? Abiria haendi mbele wala nyuma. Amesimama palepale. Lakini shati lake linachanika. Misuli ya mbele na ya nyuma ikivuta kwa pamoja, mifupa ya goti inabanwa zaidi, na aliye katikati ni gegedu lilelile lililokwisha kulika. Tena msuli usiolegea unachoka haraka. Ndiyo maana mama alikuwa anafika dukani, nyumba ya tano tu kutoka kwetu, ametoka jasho kama aliyepanda mlima, nami nikidhani anadeka.

Kuna fumbo jingine lililonisumbua. Kama msuli wa paja unafanya kazi muda wote, mbona umenywea? Anayebeba mizigo kila siku si anakuwa na mabega?

Jibu lake ni la ajabu. Goti likivimba kwa maji ya ndani, mishipa ya fahamu ya goti hupeleka habari kwenye uti wa mgongo, na uti wa mgongo unaupunguzia amri msuli wa mbele ya paja. Mwenye mguu anaweza kutaka kuukaza kwa nguvu zake zote na amri isifike kamili. Si uvivu wala si woga wa moyoni. Mwaka 1965 deAndrade na wenzake waliwadunga watu maji ndani ya goti, wakaona msuli wa paja unazimika kadiri goti linavyojaa. Mwaka 1984 Spencer na wenzake walipima kwa watu wenye magoti mazima na wakakuta kwamba mililita 20 hadi 30 tu zilitosha kuanza kuupunguza nguvu msuli ulio upande wa ndani wa paja, juu ya goti. Mililita 30 ni vijiko viwili vya chakula! Na mwaka 1997 Charles Slemenda na wenzake, huko Marekani, waliandika kwamba hata baadhi ya watu ambao picha zao zilionyesha ugonjwa, lakini wao wenyewe hawana maumivu, walikuwa na udhaifu wa msuli huo. Kumbe udhaifu hausubiri maumivu.

Kwa hiyo msuli wa mama ulikuwa mdhaifu, na hapohapo haupati mapumziko. Unaitwa kazini kwa nusu mshahara na kuzuiwa kwenda nyumbani. Juu ya hayo nikaja mimi na kiti changu cha plastiki, nikaunyima hata ile kazi ndogo ya kusimama na kukaa iliyokuwa inauweka hai.

Dada wa mazoezi alimwambia mama, "Mguu wako haujakataa kazi, mama. Unafanya yake na zamu za wenzake."

Mama akacheka, mara ya kwanza baada ya siku nyingi. "Kumbe umenifuata tabia," akauambia mguu wake.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nakumbuka barabarani. Nilimpigia kelele aharakishe mtu ambaye, pale aliposimama kimya, kila msuli wa mguu wake ulikuwa unafanya kazi kuliko yangu yote miwili.

Fimbo ilihamishiwa mkono wa kushoto siku hiyohiyo. Unapotembea, mkono wa kushoto huenda mbele pamoja na mguu wa kulia. Fimbo ikiwa huko inatua pamoja na mguu mbovu na kuupunguzia mzigo, na mwili hauna sababu ya kulala upande mmoja. Miezi yote ile nilikuwa nimemwekea nguzo upande usio wake.

Mazoezi yenyewe hayana makuu, mpaka mwanzo niliona kama tunadanganywa. Kanga inakunjwa kama mto mdogo, inawekwa chini ya goti, mama anaikandamiza kitandani kwa goti, anahesabu mpaka tano, analegeza. Mara kumi. "Kulegeza nako ni zoezi," dada alisisitiza, "usilikimbie." Halafu kunyoosha mguu akiwa amekaa, baadaye na mfuko mdogo wa mchanga kifundoni. Halafu kunyanyuka kwenye kiti bila mikono, kile kiti changu cha plastiki, mara tano, kisha nane. Halafu kutembea kila siku, kidogo, na kuongeza. Tukaambiwa pia apunguze uzito kama anaweza, kwa sababu katika kila hatua goti hubeba mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili. Kigoda tukakistaafisha. Fundi wa mtaani alitutengenezea meza ya kuwekea jiko, mama anapika akiwa amekalia stuli ndefu.

Nisikudanganye. Uzi ule kwenye eksirei haujawa kamba. Gegedu lililokwisha halijarudi, na hakuna zoezi la kulirudisha. Zipo asubuhi mama anaamka goti limekakamaa na anahitaji dakika kadhaa ukingoni mwa kitanda kabla halijakubali. Wiki za kwanza alilalamika, na mara mbili alinificha mfuko wa mchanga chini ya uvungu. Lakini mwezi wa tatu alinyanyuka kwenye kiti bila meza, akashangaa mwenyewe, akakaa tena ili ahakikishe. Mwezi wa tano alikwenda soko la Magomeni kwa miguu akarudi na nazi mbili na maneno ya umbea. Juzi niliomba kumshika paja. Akatembea, nami ubavuni. Kisigino kikagusa, msuli ukakaza. Mwili ukapita. Na kabla mguu haujanyanyuka, chini ya kiganja changu, nikasikia kitu kinaachia. Kidogo tu. Huenda mashine ingesema vingine, sijui. Kiganja changu kilisema hivyo.

Hadithi yangu ya zamani bado ipo kwenye daftari. Nimelifuta lile neno moja, na pale palipokuwa na mstari sasa pana kurasa mbili, na bado mama yule hajafika mlangoni. Sina haraka naye. Tukitoka na mama yangu pia sina haraka. Ananiambia, "Tangulia mwanangu, utachelewa." Namjibu kwamba barabara haina mwenyewe. Tunavuka pamoja, na bodaboda wapige honi wanavyotaka.

Tumegawana wiki: siku tatu jiko ni lake, siku tatu ni langu, Ijumaa tunapumzika wote. Alfajiri ya leo nilikuwa nimelala nikasikia ukumbini fimbo na ndala vikitua kwa pamoja, halafu ndala ya pili. Ta-pa, pa. Ta-pa, pa. Polepole, lakini bila mkwaruzo. Mlio ukaja ukasimama mlangoni kwangu, fimbo ikagonga mara moja.

"We binti, amka. Leo zamu yako."